Jogoo Aliyekuwa Mume Wangu

Kwa wiki sita nilikuwa mchawi wa televisheni. Kilikuwa kipindi cha kuchekesha kuhusu mama wa nyumbani mwenye mwiko wa ajabu: akiugonga mezani, vyombo vinajiosha, akimnyooshea mtoto mtoro, miguu inampeleka shule yenyewe. Mama huyo nilikuwa mimi. Tulirekodia kwenye nyumba ya kupanga hapa Musoma, na uchawi wetu wote ulikuwa kuzima kamera, kuhamisha vyombo kwa mikono, halafu kuiwasha tena.

Wiki ya sita mume wangu wa kwenye kipindi alichelewa kurudi nyumbani, nikamgeuza jogoo. Jogoo mwenyewe tulimwazima kwa mama yangu, kule Kigera: mwekundu, mkia umepinda kushoto. Wiki ya saba ningemrudisha kuwa mtu. Haikufika. Mdhamini alijitoa, prodyuza akatuambia tusubiri simu, na mume wangu akabaki jogoo mbele ya mkoa mzima.

Watu wa kwetu hawapendi kuachwa njiani. Sokoni muuza sato aliniwekea chenji mezani ili asiniguse mkono. Siku nyingine, mjini Bunda, mama mmoja nisiyemjua alinishika kanga akasema, "Dada, mrudishe yule baba wa watu. Haifai." Nilimjibu vibaya na sijutii, maana mwenye uchungu kuliko wote nilikuwa mimi. Kazi ile niliipenda. Sijawahi kupenda kazi nyingine hivyo.

Jogoo alirudi kwa mama, ambako nami nilikuwa naishi, nikakataza asichinjwe. Siku wakipiga simu tutamhitaji, nilisema. Mama aliguna tu. Miezi ikaenda, jogoo akanenepa, simu zilizokuja zikawa za ndugu kuuliza kama nimepika.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, mwalimu wa Butiama, mpole, na nilimtaka kweli. Tatizo lilikuwa baba yake mkubwa, katekista mstaafu, ambaye bila neno lake hakuna ndoa kwenye ukoo wao. Alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba mchawi hamtaki, hata wa kuigiza. Mchumba wangu aliniambia kwa siri kwamba mzee huyo hakukosa kipindi hata kimoja. Alikuwa anaenda kuangalia kwa jirani mwenye dishi.

Siku ya posa wakaja kwa mama wazee wanne wakiongozwa na baba mkubwa, mchumba wangu akiwa nyuma yao. Mimi nilitoka jikoni kuwapokea, shikamoo mdomoni, nikasahau kwamba nimeshika mwiko. Wazee wawili walirudi nyuma hatua moja. Baba mkubwa hakurudi, kwa sababu alikuwa anamtazama jogoo aliyekuwa akiparua pale uani.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye, baba."

Alivua kofia, akaingia ndani.

Kwetu mgeni wa posa hula kuku mzima, na firigisi ni ya kiongozi wa msafara. Akiila, mmepokewa. Asipoila, wageni wanaaga kwa heshima na hawarudi. Kwa ajili hiyo mama alikuwa ameagiza kuku mwingine kutoka Bugwema, akaniambia nikae na wageni, yeye atapika. Niliamini ndiye aliyepikwa, mpaka nilipopiga magoti kunawisha wageni, nikachungulia nje kupitia mlango. Uani hapakuwa na mkia uliopinda.

Baba mkubwa naye alichungulia. Akaitazama firigisi kwenye sahani yake.

"Mimi nilikuwaga naangalia ile kipindi," akasema taratibu. "Siwezi kula mume wa mtu."

Mchumba wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kulia, halafu nikakasirika, na nikikasirika akili yangu huwa inafanya kazi.

"Alisharudi, baba," nikasema.

"Alirudi lini? Haikuonyeshwa."

"Haikuonyeshwa, lakini alirudi. Mke alimmwagia mtama kila asubuhi, akawa anamlaza ndani asiibiwe. Siku moja akamwomba msamaha, akagonga mwiko, mume akasimama pale, ana njaa."

"Akamsamehe?"

"Kwanza alikula. Ndiyo akamsamehe."

Mzee aliivuta sahani karibu. "Kwa hiyo hii ni kuku tu."

"Ni kuku tu, baba."

Akaila firigisi yote, akanyonya vidole, akasema maneno ambayo mchumba wangu alikuwa anayasubiri tangu mwaka uliopita. Vigeligele vya mama vilisikika hadi kwa majirani.

Wageni walipoondoka nilikwenda nyuma ya jiko kumwaga maji. Kuku wa Bugwema alikuwa amefungwa mguu kwenye mti wa limao, mzima, mnene, akidonoa maganda ya viazi. Nilimfuata mama.

"Mama, kuku wa wageni yupo. Kwa nini ulimchinja yule?"

Aliendelea kusugua sufuria. "Kila simu ikilia unamwangalia kwanza jogoo, ndiyo unapokea. Ungekaa naye mpaka lini, mwanangu? Hawapigi."

Nilichukua majivu nikaanza kusugua masufuria naye, nikalia hapohapo, wala hakunizuia.

Tulipofika sufuria la mwisho akaniuliza, "Sasa ile ya kurudi, ulikuwa unaijua siku zote?"

"Nimeitunga leo, mama."

"Ilikuwa nzuri," akasema. "Na mimi nilikuwaga naingoja."