Kipimo cha Kwapa

Baba hakuruhusu mtu aguse baiskeli yake ya resi. Tulipokuwa watoto hapa Mafinga, aliifuta vumbi la mbao kwa kitambaa kisafi kuliko mashati yetu. Nikiisogelea ananiambia miguu yangu ni ya bata, nikafuge bata wenzangu. Sukari ilipomla baba mguu wa kushoto, ukakatwa juu ya goti, mama alisema baiskeli haiwezi kuozea ukutani wakati mimi natembea kwenda kazini. Baba alinyamaza, nami nikadhani amekubali.

Bomba la siti lilikuwa limepasuka pale juu linaposhika siti. Nililitia kwenye mfuko nikaenda nalo Iringa mjini, kwa Mhindi mmoja muuza vipuri. Akanitolea jembamba kidogo, akasema fundi atalizungushia bati la kopo la maziwa libane, kila mtu anafanya hivyo. Najua. Na kila mtu siti yake inashuka akiwa katikati ya mlima. Nikamwambia atafute tena. Alipekua huku amenuna mpaka likapatikana la unene ule ule, ila refu mno.

Fundi alikuja nyumbani. Kwetu siti hupimwa kwa kwapa: unaibana kwapani, unanyoosha mkono kushuka chini, na ncha za vidole zikigusa ekseli ya pedeli, siti imekaa sawa. Kabla sijanyoosha wangu, baba aliita kutoka kwenye kiti chake barazani. Alitaka aletewe baiskeli. Fundi hakuweza kumkatalia mzee, akampelekea. Baba akainamia siti, akashusha mkono wake mrefu, akaamuru bomba livutwe juu mpaka vidole vyake, vilivyokuwa vinaipita ekseli, vikaigusa kwa ncha tu.

"Funga hapo," akasema.

Fundi akafunga. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Nilipanda. Miguu ilipapasa hewa, pedeli sikuzifikia. Baba aliniangalia kwa raha, akauliza kama bata siku hizi wanaruka. Nilimchukia pale pale, wala sikuona haya.

"Shusha," nikamwambia fundi. "Mzee haendeshi tena."

Hakuna aliyewahi kulisema neno hilo mbele yake. Mama aliingia ndani.

Bomba lilishuka kidogo tu, likagota kwenye bolti za kishikio cha chupa ya maji, zilizopenya ndani ya fremu. Fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba itabidi likatwe. Alimtazama baba, siyo mimi.

"Mkatie," baba akasema. "Huyu kukata hakumsumbui. Hata mimi hakuniuliza."

Ni kweli. Siku ile hospitali alikuwa hajitambui, daktari alitaka jibu, nikasema wakate. Leo ningesema vilevile.

Nililishika bomba lisicheze, fundi akakata. Baba alikataa kuingizwa ndani. Aliutazama msumeno mpaka kipande kikadondoka, kisha akanyoosha mkono apewe. Nikamwambia fundi akitupe.