Vitenzi Nyuma ya Ukuta

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Jumanne, ukuta wa chumba changu cha Bondeni uliponijibu kwa mara ya kwanza.

Niliacha shule darasa la sita. Nilipofikisha miaka arobaini na saba nilianza kujifundisha Kiingereza kwa kitabu cha mtumba: vitenzi kumi kila siku, kwa sauti, kabla ya kwenda kazini. Kila kitenzi nilikitaja kwa maumbo yake matatu. Siku hiyo nilisema, "Go, went, gone." Nyuma ya ukuta sauti nzito ikasema, "Go, went, gone."

Nilitoka nje. Mlango wa jirani ulikuwa na kufuli kwa nje.

Jumatano nilifanya jaribio. Nilisema "write", nikanyamaza. Ukuta ukamalizia: "Wrote, written." Kati ya maneno hayo mawili sauti ilikohoa kidogo, mahali pale pale ninapokohoa mimi. Niliketi kitandani na kiatu mkononi mpaka kukapambazuka.

Nilipomuuliza msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga ni nani anayeishi na jirani yangu, alinicheka. "Huyo mama anaishi pekee yake, na saa hiyo yuko sokoni na mboga zake. Ama siku hizi unapea majini tuition, mwalimu?"

Jioni hiyo nililipa dipositi ya chumba kingine, ng'ambo ya mji. Sikusoma tena kwa sauti.

Jumamosi nilikuwa nikipanga vyombo kwenye katoni yule mama alipobisha. "Umenyamaza siku tatu. Kwa nini?"

Alinipeleka kwake. Mwanamume mwenye mvi aliketi kwenye kiti, uso wake karibu kugusa ukuta wangu.

"Ni mume wangu. Kiharusi kilimtoa maneno yote. Namfungia asipotee, na wa ploti sijamwambia, asije akatufukuza. Jina langu hajui. Hata maji hawezi kuomba. Lakini hizo Kiingereza zako anasema; nikirudi mchana hunisomea, na siku hizi tatu hakuna. Usihame, tafadhali. Mfundishe kuomba maji."

Mzee aligeuka, akanitazama, akakohoa kikohozi changu.

Nilijaribu kwanza kwa Kiswahili, pale pale mbele yake. Hakikuingia. Basi nikarudi chumbani, nikafungua sura ya sentensi: mtendaji, kitenzi, kitendwa. Kila alfajiri niliuambia ukuta, "I want water." Siku saba nilijibiwa, "Go, went, gone."

Jumapili ya pili, yule mama akiwa nyumbani, ilisikika sauti ambayo ningeapa ni yangu, nami nilikuwa bado sijafungua kinywa: "I want water." Sufuria ikawekwa chini kwa haraka. Maji yakamiminwa. Kisha nikasikia mtu akinywa, muda mrefu, bila kupumua.

Niliwapigia simu wenye kile chumba kingine kuwaambia sihami. Dipositi hawakurudisha: shilingi elfu tatu na mia tano.