Karatasi ya Kihamba cha Kaka

Baba alipoanza kukohoa damu, hakuogopa kufa. Alimwogopea kaka yangu, aliyepooza miguu tangu utotoni. Kaka alikuwa akitambaa kwa mikono, na kihamba chetu, lile shamba la migomba lililozunguka nyumba, kilipitiwa na mfereji unaoshuka kutoka mlimani. Pale alijitosheleza. Alikunywa, alinawa, alichonga vijiko vyake vya mti kando ya maji, bila kumwomba mtu.

"Pikeni pombe ya ndizi," Baba alisema. "Wazee wa ukoo waje waisikie kauli yangu. Kihamba kiwe cha huyu."

Hapo ndipo nilipotia mdomo wangu. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kwa wamisheni, basi nikajiona nusu mwalimu. Tayari nilikuwa na ndoto zangu: nitauza vijiko vya kaka kule bomani kwa Wadachi, yaani Wajerumani wenye serikali, tujenge nyumba yenye dirisha la kioo, naye akae hapo awatanie wapita njia.

"Baba, pombe itachukua siku nyingi, na wewe umechoka. Mimi nitaandika leo hii hii. Siku hizi karatasi ndiyo inayosema."

Kaka akacheka. "Haya, Bibi Mwalimu! Andika pia kwamba hakuna anayechonga kunishinda."

Nikaandika, hata hilo la kuchonga. Baba akachora alama yake kwa penseli, kisha akalala kwa amani. Pombe haikupikwa. Wiki haikuisha, tukamzika.

Siku ya kunyoa nywele za msiba, wazee walikaa uani. Baba mkubwa, kaka yake Baba, akauliza, "Nani aliisikia kauli ya marehemu?"

"Mimi, Baba mkubwa. Na imeandikwa." Nikaisoma yote, kwa ile sauti ya darasani.

Akaichukua karatasi, akaigeuzageuza. "Mwanangu, hapa nimekusikia wewe. Ndugu yangu mbona hakuniita? Nilikuwa hapo juu tu. Ningeshuka hata usiku."

Mzee mmoja akadakia, "Pombe hatukunywa, neno hatukusikia. Kesho kila binti atakuja na karatasi yake!" Wakacheka.

Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa analia, na ndiyo maana mpaka leo siwezi kumchukia. Akasema kihamba kinataka mtu wa kwenda kuzibua mfereji pamoja na wenzake, kwa hiyo atakishika mwanawe. Kaka atahamia nyumbani kwake Baba mkubwa, hatalala njaa. Nilishuka na karatasi yangu mpaka bomani. Karani akanirudisha: mambo ya urithi, nendeni kwa wazee wenu.

Nyumba ya Baba mkubwa iko juu kabisa ya kilima, mfereji unapita chini yake, haufiki. Mara ya mwisho nilipokwenda, nilimkuta kaka mlangoni, midomo imekauka. Wote walikuwa shambani. Kibuyu cha maji kilikuwa kimetundikwa ukutani, juu, mahali ambapo mtu anayesimama hukifikia bila kuwaza.

Nikakitungua, nikamnywesha. Alikunywa kwa muda mrefu.

"Bibi Mwalimu," akasema, akifuta kidevu, "mfereji wetu una maji siku hizi?"

"Yamejaa," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Nikakiweka kibuyu chini, karibu na mkono wake, na mke wa Baba mkubwa aliporudi kutoka shambani nikamwomba asikitundike tena.