Siku Bi Ngatinem Alipooga

Jumatano, saa mbili asubuhi, na Bi Ngatinem hajaoga tangu juzi. Amechuchumaa nyuma ya jiko la watu wenye harusi, mjini Parakan, anachomeka njiti tatu za ufagio wa chelewa ardhini. Kila njiti imetungwa pilipili nyekundu na kitunguu kidogo. Mlima Sumbing umeshajifunika wingu mpaka kiunoni, na mama wa bi harusi anapita kila baada ya dakika chache kuulizia hali.

"Nenda kapambwe, mama. Wingu niachie mimi," anamjibu bila kuinua kichwa.

Ana miaka sitini na mbili na kazi yake ni kuzuia mvua. Harusi moja humpatia rupia laki tano. Siku zisizo na harusi huuza sokoni tempe za kukaanga, vipande vya soya iliyochachushwa. Sharti la kazi ni jepesi kulitaja na gumu kulishika: kuanzia siku mbili kabla ya shughuli mpaka mgeni wa mwisho aage, maji hayagusi mwili wake.

Mumewe, fundi seremala Tukiman, analijua sharti hilo kuliko mtu yeyote. "Msimu wa harusi mimi hulala barazani," anasema. "Kazi yake naiheshimu, ila naiheshimu kwa mbali."

Lakini ukitaja jina la Bi Ngatinem hapa Parakan, watu hawaanzi na harusi. Wanaanza na filamu.

Miaka ishirini na tano iliyopita, mwongozaji kijana aitwaye Lukito alikuja kupiga hapa "Viatu vya Mwaka Jana", kisa cha binti wa miaka kumi na minne ambaye miguu yake imekua na baba hana uwezo wa kumnunulia viatu vingine. Binti anavificha vidonda vyake mpaka siku ya kupanda basi kwenda kusoma mjini. Hakuna mtoto wa hapa aliyekua bila kuiona filamu hiyo. Mpaka leo mabinti wakimaliza shule huvua viatu na kupigwa picha pale kituo cha basi.

Ilikuwa Januari, mwezi wa mvua ambao hapa hata kamba ya kuanikia nguo hupumzika. Bi Ngatinem aliajiriwa kwa siku kumi na nane. Siku kumi na saba zilipita bila tone. Ikabaki siku moja, na mkanda wa kupigia picha wa siku hiyo hiyo moja: binti na baba yake wanaagana kituoni, jua linawaka.

Jioni ile Lukito alimwambia kesho aje na sinia lake la tempe akae kituoni. Naye ataonekana kwenye filamu.

"Nikarudi nyumbani nikajinusa," anasimulia, akicheka mpaka anashika ukuta. "Siku kumi na saba, mwanangu! Nikajiuliza, nchi nzima inione katika hali hii? Nikasahau kwamba picha hainuki."

Alfajiri akachota ndoo moja. Moja ikawa tatu. Akaosha nywele, akavaa batiki yake ya sikukuu, akaenda kuketi kituoni ananukia sabuni ya waridi.

Kamera ilipoanza tu, mbingu zikafunguka. Binti aliyekuwa akiigiza hakukimbia. Alivua viatu vilivyombana filamu nzima, akavitia kifuani na kuanza kucheka, na baba yake wa kwenye filamu akakata jani la mgomba kumfunika. Ndicho kipande kinachowaliza watu mpaka leo. Nyuma yao, kwa sekunde mbili, anaonekana muuza tempe ameikodolea mbingu macho, mdomo wazi. Wajuzi wa filamu wameusifu sana uso ule.

"Wanasema naigiza vizuri," anasema. "Nilikuwa naiona kazi yangu inakufa."

Lukito alipomgeukia, yeye akajipiga kifua. Alisema mvua ile ameiachia mwenyewe, maana aliona picha inaihitaji. Habari zikaenea kwamba Parakan yupo mwanamke anayeifunga mvua na kuifungua atakavyo, na riziki yake yote imetokana na neno lile. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa Tukiman peke yake.

Sasa mji umeandaa onyesho la filamu hiyo uwanjani Jumamosi, kitambaa cheupe chini ya mbingu tupu. Lukito ametuma ujumbe kwamba hataki mzuia mvua mwingine. Kwa Bi Ngatinem hapo ndipo penye mwiba. Akisema kweli, anaweza kupoteza jina na riziki. Asiposema, anaamini kazi haitashika.

"Njiti haziitiki kwa mtu anayemdanganya mwenye shughuli," anasema.

Harusi ya Jumatano ilimalizika kavu kabisa. Kesho yake Lukito, sasa mwenye mvi na fimbo, aliketi barazani kwake mbele ya sahani ya tempe. Bi Ngatinem hakugusa chakula. Alimweleza yote, tangu ndoo ya kwanza mpaka sabuni.

Mabega ya Lukito yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Dada," alisema akifuta macho, "miaka ishirini na tano nawaambia waandishi wa habari kwamba mvua ile niliipanga mimi. Nimepewa mpaka tuzo."

"Basi tumekutana waongo wawili," akajibu Bi Ngatinem, na ndipo alipochukua kipande chake cha kwanza cha tempe.

Alipoulizwa kama haogopi wateja wake watakaposoma habari hii gazetini, alimtazama mwandishi kwa huruma. "Andika, tena uandike kwa herufi kubwa. Siku kumi na saba sikuoga, haikunyesha. Nilipooga, ikanyesha. Mwenye harusi anataka ushahidi gani zaidi?"

Mpango wa Jumamosi umeshakubaliwa. Atazuia mvua filamu nzima, mpaka binti afike kituo cha basi. Hapo Lukito ataomba watu wote uwanjani wavue viatu, na Bi Ngatinem atainuka aende nyumbani, hatua mia mbili tu kutoka uwanjani. Ndoo tatu zimeshajazwa. Batiki ile ya sikukuu imepigwa pasi.

Sabuni ya waridi ameinunua Tukiman mwenyewe. Mkeka wake wa barazani ameshaukunja.