Mvua ya Vijiti

Wiki jana, sokoni Busia, mama mmoja alinipimia kumbikumbi wa kukaanga kwa kikombe, na harufu yake, ndugu yangu, ikanirudisha kijijini Sikuda kabla sijaonja hata mmoja.

Tulihamia kule kutoka Kirewa nikiwa msichana wa darasa la pili. Shamba alilopata baba lilikuwa kichaka kitupu. Mahindi yetu ya kwanza yalifukuliwa na tumbili hata hayajachipua. Baba akasimamisha sanamu, akaivika koti lake la kanisani. Tumbili wakaja wakakaa kivulini mwake, wakichambuana chawa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kisha tukala muhogo mkavu, asubuhi na jioni. Baba akasema mvua hizi zikipita hivi, tunarudi Kirewa. Na Kirewa hatukuwa na ardhi tena. Tungekuwa watu wa kukaa uani kwa baba mdogo. Mimi nilikwisha kuupenda ukungu wa pale, na vyura wake, na niliogopa sana.

Jirani yetu, mzee mmoja wa kabila la Wasamia, hakuwa ametusalimu tangu tufike. Kati ya shamba lake na letu kilisimama kichuguu kikubwa kuliko jiko letu, naye alikihesabu chake. Bibi yangu alizoea kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu hataki kupona."

Alasiri moja, mvua ilipokatika na jua la manjano likatoka, bibi alifunika upande wetu wa kichuguu kwa majani ya mgomba na blanketi, akaacha tundu moja juu ya shimo la kunasia kumbikumbi, akatupa sisi watoto vijiti. Tulitakiwa kugonga ubao mkavu pole pole, kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke. Jirani kusikia hivyo, akaja na blanketi lake na vijiti vyake, akaanza kugonga upande wa pili kwa hasira.

"Jirani!" bibi akaita. "Hiyo mvua gani nakimbia namna hiyo? Hata kumbikumbi nakucheka!"

Tukamsikia mzee anacheka, na vijiti vyake vikafuata vyetu. Sijui tuligonga muda gani. Dunia yote ilikuwa mlio ule na harufu ya udongo mbichi, na macho yangu yalikuwa yakijifumba yenyewe, mpaka mbawa zikaanza kumetameta hewani.

Kumbikumbi wakatokea upande wa jirani. Wote. Bibi akakunja blanketi, na mama akaingia ndani kufunga mzigo wa kurudi Kirewa.

Hatujakaa sana, jirani akaja na karai limejaa. "Mama, hii ya watoto," akamwambia bibi. "Mwaka kesho tutapiga tena pamoja."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliyarudia maneno yale, mwaka kesho, kwa sauti ndogo, kisha akamwambia mama afungue mzigo.

Basi kutoka sokoni nilipita kule. Bibi na mzee walishatangulia mbele ya haki. Kichuguu hakipo, udongo wake ni mzuri kwa matofali, na ndugu zangu na wana wa mzee waliugawana, wakajenga ukuta kati ya nyumba zao. Ukuta imara, sikatai, lakini moyo uliniuma kuuona. Nikamuuliza mtoto wa kaka yangu, wa ng'ambo ya ukuta wanaitwa nani.

"Kwani huko iko watu?" akaniuliza.