Habari za Mwezini Nilizopeleka Buna

Shule yangu iliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili msomi asije akanisumbua baadaye. Lakini kufikia miaka ile ya tisini nilikuwa na nyumba ya mawe mtaa wa Waberi, duka sokoni Garissa, na lori jekundu lililojulikana kwa honi yake mpaka Takaba. Vyote kwa mikono hii miwili. Kichwa kilikuwa kimevimba hadi kofia za dukani kwangu zilikuwa hazinitoshi.

Mteja wangu mmoja alikuwa mwalimu wa sayansi aliyetoka Kenya. Ndivyo tulivyosema siku zile. Ukivuka daraja la Tana, umekwenda Kenya. Alikuwa na darubini ya miguu mitatu. Ijumaa moja, baada ya swala ya alasiri, nilimpelekea sukari shuleni akaniita nitazame. Mwezi ulikuwa umetoka na jua bado lipo, mweupe, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Niliinama nikafumba jicho moja. Subhanallah! Kile kipande cha sabuni kilikuwa nchi. Kilikuwa na milima, na mashimo yenye kivuli ndani, na ukavu ambao mtu wa kwetu anautambua mara moja.

"Nani anaishi pale?" nikauliza.

"Hakuna mtu."

"Na kwenye nyota?"

"Hatujui. Ziko nyingi mno. Mimi ningeshangaa kama katika zote hizo tuko peke yetu."

Nikamuuliza kwa lori langu ningefika lini kwenye nyota iliyo karibu. Kusema kweli, nilitaka tu akumbuke kwamba anaongea na mtu mwenye lori. Akapiga hesabu kwenye daftari, akageuza ukurasa, akaendelea.

"Ukiendesha mchana na usiku, usisimame hata kuswali, ni mamilioni ya miaka."

"Umepigia hesabu lori gani?"

"Lako."

"Langu ni jipya."

"Hata likiwa jipya, mzee."

Nilichofanya baada ya hapo sikumwambia mtu. Kwenye hoteli za chai nilisimulia kingine: kwamba mwezi nimeukagua mwenyewe, na sikuona cha kutisha.

Wiki chache baadaye nilikwenda Buna, mbele ya Wajir, kuposa. Msichana nilikuwa nimempenda tangu safari za nyuma, na mtu mwingine, mwenye ngamia wengi, alikuwa ameshatuma wazee wake kwa baba yake. Kwetu mposaji hasemi, wazee ndio wanaomsemea. Adeer wangu, yaani baba mdogo, alinipa kazi moja tu tuliposhuka kwenye lori.

"Kunywa chai, nyamaza."

Lakini kwetu pia mgeni akifika huombwa habari. Mvua imenyesha wapi? Malisho yako upande gani? Njia ina amani? Baba wa msichana alitukaribisha kwenye mkeka, tukapewa chai ya maziwa ya ngamia, kisha akanitazama mimi niliyeshika usukani tangu Garissa.

"Adeer, lete habari." Kwetu mzee humwita kijana kwa jina lile lile analoitwa yeye.

Ningesema Wajir ni kukavu, basi, yangekwisha. Nikasema, "Habari za Wajir ni ndogo, adeer. Mimi nina habari za mwezini."

Adeer wangu alinikanyaga mguu. Nikauvuta mguu nikaendelea: milima, mashimo, nyota, mamilioni ya miaka. Chai yangu ilipoa.

"Huko mwezini kuna malisho?" baba wa msichana akauliza.

"Hakuna."

"Maji?"

"Hata tone."

"Sasa hiyo ni habari gani? Ukame tunao hapa hapa." Wazee wakacheka. "Na kwenye nyota watu wapo?"

"Huenda wapo. Haijulikani."

"Kama wapo, Mungu awape wageni wanaojibu wanachoulizwa." Kisha akaacha kucheka. "Na ulipoyaona hayo yote, ulijisikiaje?"

"Kawaida tu, adeer. Mimi si mtu wa kutishika."

Akaweka kikombe chini. Akamgeukia adeer wangu. "Ndugu yangu, mtu huyu ameonyeshwa kazi ya Mungu namna hiyo na hakutishika. Siku binti yangu akimwambia amekosea, atasikia?"

Nilimwona adeer wangu, msemaji hodari, akipapasa kutafuta bakora yake, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Msichana alikuwa ananiponyoka hivi hivi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Adeer, nimesema uongo," nikasema. "Nilikaa chini."

"Chini wapi?"

"Mchangani, na kanzu yangu ya Ijumaa. Mwalimu akaniletea maji, kisha nikaenda nyumbani kwa miguu."

"Na lori?"

"Nililisahau shuleni. Asubuhi nikaamsha mtaa mzima kwamba limeibwa."

Nyuma ya pazia la mikeka mwanamke mmoja aliangua kicheko, wengine wakafuata. Mzee naye alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Kumbe anatishika," akasema. "Basi tuongee."

Wakaongea wao. Mimi nilinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu ninunue lori. Walipokubaliana waliinua mikono kusoma Fatiha. Fatiha naisoma tangu utotoni, kwa mbio, kama mtu anayewahi soko la mbuzi. Siku ile nilikwama pale mwanzoni kabisa, Mola wa walimwengu wote. Wote! Nikabaki na mikono juu nikijiuliza ni wangapi hao, na kama huko nako leo kuna mtu amekwenda kuposa akaropoka.

Wenzangu walikuwa wameshapangusa nyuso. Adeer wangu akanipiga kiwiko.

"Sema amin, wewe, kabla hawajabadili mawazo."