Bakuli la Msagaji

Ukitaka kumwona Bwire akitema mate, mtajie Swaliki, dereva wa lori wa Busia mjini. Bwire hamwiti kwa jina. Humwita yule mbwa, na mbwa wenyewe wangekuwa na haki ya kulalamika.

Zamani Bwire alikuwa na mashine ya kusaga mahindi pale Bulumbi, na mota yake aliitunza kuliko meno yake. Malipo yalikuwa bakuli moja la mahindi kutoka kila gunia, ila msagaji mwenzake hakutozwa. Ndiyo desturi ya wasagaji wa kule: mashine ya mwenzako ikikwama unamsagia bure, maana kesho itakwama yako. Ilukor, msagaji wa Buhehe, alikuja na magunia yake mara nyingi, na bakuli la Bwire halikuyagusa.

Ndipo akaja Swaliki na kisanduku cha chuma chenye feni mbili. Mashine ya kuchimba bitkoini, zile pesa za mtandaoni, alisema.

"Mzee, hii pia nasaga, lakini nasaga hesabu. Pale Tororo wakubwa iko nazo mingi, wao nalala tu, pesa nakuja kwa simu."

Jamani, Bwire! Hukujiuliza, kama kitu kinataga mayai ya dhahabu, hao wakubwa wanakiuza kwa nini? Hakujiuliza. Tamaa ilikuwa imeshamziba masikio, na bei ya kisanduku ilikuwa kubwa, kwa hiyo akamwita dalali na kuuza mota ili akinunue.

"Baba Egesa," mkewe Benedeta akamwambia, "mota nakula mahindi, natoa unga. Hii natoa nini?"

"Wewe mwanamke, wacha mdomo!"

Akaifunga ile mashine ya feni mle mle kwenye banda la kusagia, kwa sababu nyaya za mle zilikuwa nene. Nani mwingine angefanya hivyo ila msagaji? Unga wa miaka ulikuwa umeganda ukutani na kwenye paa, na feni zikaanza kuuvuta. Zilipiga kelele mpaka kuku wakahama ua. Kila tokeni ya umeme aliyoingiza ilikwisha upesi, na kilichokuja kwa simu hakikutosha kununua nyingine. Kisha banda likanukia ugali unaoungua. Alipoifungua mashine, unga ulikuwa umeivia ndani na kushika kama ukoko.

Akaibeba hadi Tororo kumtafuta yule mbwa. Alimkuta nje ya mabanda marefu ya wale wakubwa, yenye uzio na laini yao ya umeme, mngurumo wa feni ukisikika toka barabarani. Swaliki alikuwa anapakia lorini mashine kama ile ile, zimerundikwa kama matofali.

"Hizi wao natupa, mzee. Zimezeeka, nakula umeme kushinda faida. Wao naleta mpya kwa kontena, na umeme yao ni rahisi. Wewe nanunua tokeni."

"Ulijua?"

"Hukuuliza."

Bwire akamkaba shingo. Alitaka kumuua, tusifichane. Askari wa geti wakamng'oa na kumtupa mtaroni, na kisanduku chake wakakirusha nyuma yake. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema; Bwire alikwenda kushindana naye kwa viatu vikuukuu alivyovitupa mwenye nguvu huyo.

Mahindi ya nyumbani yalipotaka kusagwa, alipakia gunia kwenye baiskeli, akaenda Buhehe kwa Ilukor. Kabla hajafika aliisikia mota ikikohoa mara mbili ndipo ikashika mwendo. Aliijua hata kwa kikohozi. Dalali alikuwa ameiuza huku.

Moyo ulimchoma, lakini akapanga foleni. Akajiambia kwamba Ilukor ni mwenzake, wamesagiana tangu ujana.

Zamu yake ilipofika alifungua mdomo wa gunia. Ilukor hakumwangalia usoni. Alichukua bakuli, akalizamisha ndani ya mahindi ya Bwire, akalitoa limejaa kwa kilele.

"Ilukor," Bwire akasema, "mimi pia ni msagaji."

"Ulikuwa," Ilukor akajibu, akamwaga mahindi kwenye pipa lake.